Kijiti Kinachofuata

Torleiv Haugsrud alikuwa na simu moja na tabiri tatu za hali ya hewa. Utabiri wa kwanza ulisema kwamba Alhamisi ile ya kuelekea Pasaka mvua ingegeuka theluji kuanzia mita mia sita kwenda juu. Wa pili ulisema mita mia tisa. Wa tatu, uliotoka kwa jirani zetu Wasweden, ulisema mita elfu moja na hamsini, pamoja na upepo mkali kuanzia saa nane mchana. Torleiv alikuwa mwalimu wa jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, na ukutani kwake kilining'inia kipimahewa cha shaba alichokigongagonga kila asubuhi kabla hata ya kunywa kahawa. Alizilinganisha tabiri zote tatu kwa umakini wa kitaalamu, kisha akachagua ule alioupenda.

"Mita mia tisa," akamwambia mkewe, Aslaug.

"Kwa nini mia tisa?"

"Iko katikati."

Aslaug alikuwa akifunga mikate yenye jibini ya kahawia kwenye karatasi. Hakuinua macho. "Sikiliza, mume wangu. Wewe na Sunniva mna vidole thelathini na tisa na nusu, vya mikono na vya miguu. Nimevihesabu. Virudi vyote."

Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa ikimtafuna Torleiv kwa miaka miwili. Njia ilikuwa hii hii, Pasaka ya mwaka juzi, kutoka maegesho ya bondeni hadi kibanda cha familia kule nyuma ya mlima. Dhoruba iliwakuta njiani, Torleiv akasema twende tu, wakaenda tu, na binti yake wa pekee akaacha ncha ya kidole kidogo cha mguu, iliyoganda kwa baridi, mikononi mwa daktari. Tangu siku hiyo Sunniva hakuvaa tena skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, pamoja na baba yake. Alikuja nyumbani Krismasi, akala kondoo, akacheka, akakumbatia watu. Lakini mtu akitaja mlima, alianza kukusanya sahani. Na kwetu huku baba asiyekwenda mlimani na mwanawe wakati wa Pasaka hana tofauti na baba aliyefukuzwa mezani. Majirani humwuliza habari zake kwa sauti ya chini.

Halafu Februari hii Sunniva akapiga simu. "Nitakuja Pasaka, baba. Lakini nina sharti. Nikisema turudi, tunarudi. Papo hapo, bila mhadhara."

"Naapa," akasema Torleiv.

"Subiri, sijamaliza. Ukibisha hata kidogo, basi. Ndiyo mwisho wa mlima kati yangu na wewe. Tutaonana Krismasi, tutakula kondoo."

"Naapa mara mbili."

Alifurahi mno. Siku hiyo hiyo alishuka kwenye chumba cha chini akapaka skii zake nta, ingawa safari ilikuwa bado wiki sita.

*

Kwenye maegesho mvua ilikuwa ikinyesha kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima. Watu walisimama nyuma ya magari yao wakitazama skii za wenzao kwa jicho la pembeni, kama wanavyofanya kila mwaka. Wengine husalimiana kwa kuulizana hali za watoto. Sisi huulizana, "Umepaka nini?" Swali ni zito kuliko linavyosikika. Nta iliyo chini ya skii inatakiwa ishike theluji mtu anapopanda na iiachie anapoteleza, na kila theluji ina nta yake: ya baridi kali, ya baridi ya wastani, ya theluji mpya, ya theluji iliyozeeka. Kwa nyuzi sifuri hakuna nta, kuna maombi tu.

Torleiv alitoa tyubu nyekundu. Hii ni nta ya theluji iliyolowa, inanata kama asali iliyomwagika, na ikishaingia kwenye nywele inatoka kwa mkasi. Aliipaka kwa kidole gumba, polepole, huku akijua kwamba jamaa wa gari la pili anamtazama, na kwa kweli alipaka kwa ajili ya yule jamaa.

Alipogeuka, akaona Sunniva ameshamaliza. Alikuwa amebandika chini ya skii zake vitambaa vya manyoya.

"Manyoya?" akauliza Torleiv.

"Manyoya, baba. Yanashika theluji yoyote."

Kwa maoni ya Torleiv, manyoya yalikuwa ya Wajerumani na ya watu waliofanyiwa upasuaji wa nyonga. Alikuwa na hotuba nzima kuhusu jambo hilo, yenye utangulizi na hitimisho. Akaimeza. "Safi sana," akasema. "Kwa usalama."

"Umeumwa na nini leo?" Sunniva akamwuliza, na akacheka. Kicheko hicho Torleiv alikisubiri miaka miwili, na mvua ikamwingia shingoni asiisikie.

Wakapanda katikati ya miti ya mibechi. Nta ilishika vizuri ajabu. Kwa saa nzima Torleiv alikuwa mtaalamu, akipanda kwa madaha, akisikiliza pumzi za bintiye nyuma yake, akijiambia kwamba mikono ya zamani haijasahau kazi. Walifika mita mia tisa. Mvua haikujua kwamba hapo ndipo ilipotakiwa kugeuka theluji, ikaendelea kunyesha. Mita elfu moja, bado mvua. Kisha, kwenye mita elfu moja na hamsini kamili, mvua ikawa theluji, kavu, nyepesi, ya baridi, kana kwamba kuna mtu amefungua mlango. Wasweden walikuwa wamepatia mpaka hatua ya mwisho.

Nta ya tyubu nyekundu haipatani na theluji kavu. Haitelezi juu yake, inaikumbatia. Hatua ya kwanza Torleiv alisikia uzito. Hatua ya tano alikuwa amerefuka kwa kiganja kizima. Hatua ya kumi alikuwa amesimama juu ya mabonge mawili ya theluji yaliyoganda chini ya skii zake, akiyumbayumba kama bibi harusi kwenye viatu vya kuazima.

"Baba, unakua," akasema Sunniva.

"Ni kidogo tu. Itajisafisha."

Haikujisafisha. Wakati huo huo akatokea mwanamke mmoja akishuka kutoka juu, peke yake, mwenye miaka sabini na ushee, juu ya skii za mbao zenye umri kama wake. Alisimama, akamtazama Torleiv kuanzia juu mpaka kwenye mabonge.

"Umepaka ya tyubu."

"Kidogo," akasema Torleiv.

"Mm," akasema yule bibi. Kwetu huku "mm" ya namna hiyo inaweza kumaliza ndoa. Kisha akamgeukia Sunniva, kwa upole zaidi: "Huko juu si kuzuri, binti. Upepo umeamka. Mimi nimegeuka." Akashuka zake bila kuaga, akapotea katikati ya mibechi.

Torleiv alikaa juu ya shanta lake na kukwangua nta kwa kisu cha siagi. Ilimchukua dakika hamsini. Nta ilihamia kwenye glovu, kutoka glovu ikaenda kwenye suruali, kutoka suruali kwenye ndevu. Sunniva alimenya chungwa na kumlisha kipande kimoja kimoja, kwa sababu mikono yake haikufaa tena kushika chakula cha binadamu.

"Kama mwanafunzi wako angefanya hivi, ungempa alama ngapi?" akauliza.

"Ningemwambia ajaribu somo lingine."

Wakacheka wote wawili. Na Torleiv, kinywa kimejaa chungwa, aliutazama mlima uliokuwa umeshavuta shuka mpaka kidevuni, akapiga hesabu. Wamechelewa kwa saa moja, na kosa ni lake peke yake. Upepo ni saa nane. Kibanda kiko kilomita saba. Mtu mwenye akili angerudi. Sasa atasema, akawaza. Sasa Sunniva atasema turudi, nami nitasema sawa mwanangu, na kila kitu kitakuwa kimepona.

Sunniva alifunga shanta lake. "Haya, twende?"

"Twende," akasema Torleiv.

*

Juu zaidi kuna ziwa lililoganda, na baada yake njia haina miti. Kila mwaka kabla ya Pasaka watu wa kujitolea huchomeka vijiti vya mbechi kwenye theluji, kimoja baada ya kingine, hadi upande wa pili wa mlima, ili wasafiri wasipotee. Siku ya jua vijiti hivyo vinachekesha, maana vinaonekana kama ufagio uliosambaratika. Siku hiyo Torleiv alivipenda kimoja kimoja kwa jina. Upepo ulikuja kutoka kila upande isipokuwa ule uliotabiriwa.

Alianza kudokeza.

"Upepo kidogo, eh?"

"Upepo ni upepo," akajibu Sunniva.

Vijiti vitano baadaye: "Mguu wako unaendeleaje?"

"Mzima. Wako?"

"Mzima kabisa." Vijiti vingine vinne. "Yule bibi alionekana mtu mzoefu."

"Alionekana mzee, baba."

Hapo Torleiv akaishiwa. Tuna sheria tisa za mlimani, kila mtoto wa shule anazijua, na ya nane inasema kwamba kugeuka mapema si aibu. Torleiv ameifundisha kwa miaka thelathini na mmoja, kwa chaki na kwa picha. Hakuna aliyewahi kuandika sheria ya kusema kula mkate si aibu. Ile ya nane iliandikwa kwa sababu tunajijua. Angeweza kusema neno moja tu. Lakini kichwani mwake neno hilo lilikuwa la Sunniva, alikuwa amemkabidhi kwa kiapo, mara mbili, na ilimpendeza kuamini kwamba kunyamaza kwake ni kutii. Tumbo lilimwambia ni woga wa kuonekana mwoga. Tumbo halikuwa na shahada, kwa hiyo hakulisikiliza.

Saa nane na dakika kumi dunia ikafutika. Kijiti kimoja kilikuwepo, mbele yao palikuwa peupe, nyuma yao palikuwa peupe, na juu na chini pia.

Kwa hali kama hiyo tuna utaratibu. Mmoja anabaki ameshika kijiti, mwingine anakwenda mbele kutafuta kinachofuata, huku wakiitana. Akikipata, anaita na mwenzake anamfuata. Mwenye kubaki haachi kijiti kwa hali yoyote, maana akikiacha, hakuna tena anayejua alipo.

"Mimi naenda," Sunniva akapaza sauti. "Nina manyoya!"

Akaenda. Hatua nne, akawa kivuli. Hatua sita, hakuwepo.

"Hooo!" akaita Torleiv.

"Hooo!" sauti ikajibu.

"Hooo!"

"Hooo!" Hii ilikuwa nyembamba zaidi.

"Hooo!"

Upepo tu. Torleiv alishika kijiti cha mbechi kwa mikono yote miwili iliyojaa nta. Akaita tena, na tena, na mara ya tano sauti yake ikapasuka kama ya mvulana wa miaka kumi na tatu. Akajua kwamba hawezi kumfuata wala hawezi kukaa. Akajua pia kwamba ameshawahi kuwa mahali hapa, ndani ya woga huu huu, na kwamba mwaka juzi aliufunika kwa mzaha. Hakukuwa na mzaha wa kufunika nao hivi sasa. Alilia, na machozi yakaganda kwenye ndevu pamoja na nta.

Kivuli kikatokea upande wa kushoto, upande usiotegemewa kabisa. "Sijakiona!" Sunniva akasema, akihema. "Nilipotea kidogo. Ngoja nijaribu upande wa kulia zaidi."

"Hapana."

"Nini?"

"Hapana! Tunarudi. Naogopa, Sunniva. Naogopa vibaya sana."

Sunniva akasimama. Barafu ilikuwa imejaa kwenye kope zake. Kwa muda Torleiv alidhani atabisha, kwa sababu kidevu alichokiinua kilikuwa cha ukoo wa Haugsrud, na ukaidi wake umeua watu wengi. Kisha mabega yake yakashuka.

"Mimi naogopa tangu ziwani," akasema.

*

Kabla ya kugeuka iliwabidi wapashe mikono moto. Wakatoa mfuko wa dhoruba, gunia jekundu la nailoni ambamo watu wawili wanaingia, wanalikalia, na kubanana magoti kwa magoti huku upepo ukilipiga kwa nje. Ndani mlikuwa mwekundu na mlinuka soksi na jibini. Walimiminiana kinywaji cha moto kutoka kwenye chupa ya chai, wakanywa kwa zamu.

"Tangu ziwani?" Torleiv akauliza. "Mbona hukusema? Neno lilikuwa lako!"

"Nilikuwa nalishikilia mdomoni. Nikawaza, nikisema, nitakuwa tena yule binti wa kidole. Yule anayeharibu safari. Na wewe ulikuwa umetulia, unauliza habari za mguu."

"Nilikuwa nakudokeza!"

"Baba, huko ndiko kudokeza?"

"Nilimtaja mpaka yule bibi!"

Sunniva akacheka hadi akamwaga kinywaji kwenye goti la baba yake. "Jamani sisi. Wangetukuta Mei tumeganda hapa, kila mmoja anamngoja mwenzake kwa adabu."

Torleiv naye alicheka, na angeweza kuishia hapo. Gunia lilikuwa na joto, bintiye alikuwa akicheka. Lakini kwa namna walivyobanana hapakuwa na mahali pa kuelekeza uso.

"Kuna jambo la mwaka juzi," akasema.

"Achana nalo, baba. Ulikuwa mkaidi. Nilishakusamehe ukaidi, hata mimi ninao."

"Haukuwa ukaidi. Uliponiambia una baridi, mara ile ya kwanza, pale chini ya jabali, nilikujibu nini?"

"Kibanda kiko karibu. Dakika kumi."

"Nilikuwa sijui kibanda kiko wapi."

Upepo ulipiga gunia.

"Sikujua tulipo. Nilikuwa nimepoteza njia kwa zaidi ya saa nzima. Nilitazama ramani ili unione natazama ramani. Nikasema dakika kumi kwa sababu ulikuwa unanitazama, na nikaona haya." Alitaka kuongeza kitu cha kuchekesha, akatafuta, akakosa. "Tulikipata kibanda kwa bahati. Niliugonga ukuta kwa bega."

"Nilivua glovu kukupa dira," Sunniva akasema polepole. "Nilisubiri. Nilikaa na viatu vilivyolowa, sikusimama kubadili soksi, kwa sababu ulisema dakika kumi."

"Ndiyo."

"Nilikuamini."

"Ndiyo, mwanangu."

Sunniva akafunga kifuniko cha chupa, akakikaza kuliko ilivyohitajika. "Tutoke," akasema. "Tushuke kabla vijiti havijafukiwa."

Wakashuka kijiti kwa kijiti, upepo mgongoni. Safari hii Torleiv ndiye aliyekwenda mbele kutafuta na Sunniva akabaki ameshika, na kila alipoita, alijibiwa. Jibu lilikuwa "hooo" na si zaidi. Baada ya ziwa dunia ikarudi kidogo kidogo, mwamba, mti, mto. Kwenye mita elfu moja na hamsini theluji ikawa mvua tena, kwa uaminifu mkubwa. Chini zaidi theluji ya njiani ilikuwa imeyeyuka tangu asubuhi, wakavua skii, wakazibeba begani na kukanyaga matope kilomita mbili za mwisho. Torleiv alianguka mara mbili. Mara ya pili Sunniva alimvuta mkono akamsimamisha, na nta ikawagandisha viganja, ikabidi wavutane kuachana. Hakuna aliyecheka.

Kwenye maegesho Sunniva alishika usukani bila kuuliza. Alikaa, mikono juu ya magoti, gari halijawashwa, maji yakitiririka kwenye kioo.

"Leo ulisema kabla yangu," akasema. "Hilo nimeliona. Sitalisahau."

Torleiv akaitikia kwa kichwa.

"Lakini nataka kukukasirikia kwanza, baba. Miaka miwili nimekukasirikia kwa kosa ambalo siyo lenyewe. Sasa nataka nikukasirikie kwa hili, vizuri, bila haraka. Nipe mpaka Jumatatu."

"Na Jumatatu? Tutakwenda tena, mimi na wewe?"

"Sijui."

Mara moja sentensi ikamjia Torleiv mdomoni, imekamilika, ya joto, ya baba. Kila kitu kitakuwa sawa, mwanangu, utaona. Aliisikia sauti ambayo angeitumia, na akaitambua: ilikuwa ile ile ya dakika kumi. Akafunga mdomo.

"Hata mimi sijui," akasema.

Sunniva akageuka, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akawasha gari.